Tisini na Nne za Kiingereza

Sabine Fork, Texas
6 Septemba 2015

Shangazi Orelia mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Barua yako ya Julai niliisoma nimesimama pale pale kwenye sanduku la posta, mpaka Lonnie akapiga honi ya lori akidhani nimepokea taarifa ya msiba. Sisi wazima. Lonnie bado anabeba magogo. Mgongo unamsumbua mume wangu ila mdomo haujambo. Mimi niko jikoni shuleni kama kawaida, watoto mia nne na sitini kila mchana, na wiki iliyopita mkuu wa shule mwenyewe alirudi mara ya pili kwa ajili ya mkate wangu wa mahindi. Alisimama kwenye foleni nyuma ya watoto, Shangazi, na sahani yake mkononi. Masikio yako je? Kile kifaa kipya kinakusaidia, au bado unasikia friji peke yake? Mimi simu nimeikatia tamaa. Tukipigiana tunaishia kupayuka mpaka majirani wa pande zote mbili wanajua mambo yetu.

Sasa kaa chini nikupe habari za mjukuu wako.

Jatoria ameingia mwaka wa nne, mwaka wa mwisho. Mei alirusha tufe futi arobaini na tano na inchi mbili, akawa wa pili Texas nzima. Nilipima kwa hatua: ni kutoka mlango wangu wa mbele mpaka kwenye sanduku la posta, na tufe bado linabingirika. Kocha wa chuo kikuu kimoja cha Oklahoma alikuja hapa nyumbani. Amekaa kwenye kiti chako kile cha mto wa bluu! Akala kambale wa kukaanga vipande vinne, akasema, "Mama Goodlow, mwanao ana mkono ambao haufundishwi." Nikakunja mkono wa shati nikamwonyesha wangu. Nikamwambia, "Haufundishwi kwa sababu unarithiwa." Lonnie alicheka mpaka akapaliwa. Wanataka kumsomesha miaka yote minne. Siku ya kusaini ni Februari, na nimeshampaka Lonnie rangi mikononi kwa kutengeneza bango la mbao la uani: GOODLOW, TUFE, herufi nyekundu, linasomeka ukiwa barabara kuu.

Na usidhani ni misuli tu. Kuna sheria mpya zimeanza na darasa lao hili hili. Hapa Texas, ukitaka kucheza shuleni, pata alama sabini kila baada ya wiki sita, yamekwisha. Lakini vyuo wanataka masomo ya msingi kumi na sita, na kumi kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa nne kuanza. Yeye alikuwa na tisa. Kiingereza cha mwaka wa pili kilimwangusha, alipata sitini na tano. Basi shule ikamruhusu akirudie kiangazi kwa kompyuta. Amekimaliza kwa siku nane. Siku nane! Na unajua amepata ngapi? Tisini na nne. Na yote hayo Juni ile ile ambayo alikwenda kambi ya warushaji kule Oklahoma siku kumi. Mtoto hapumziki.

Nimekuwekea humu nakala ya insha yake. Waliambiwa waandike juu ya mtu aliyewalea kiakili. Soma uone amemwandika nani. Andaa kitambaa cha machozi.

Mwanao,
Renetta


Oakland, California
27 Septemba 2015

Renetta mwanangu,

Nimefurahi kupata habari za mgongo wa Lonnie na mdomo wake. Kifaa cha masikio kiko kwenye droo, na mimi na droo tunaelewana vizuri. Miguu inavimba jioni. Kanisani wamenichagua tena kuwa katibu kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kusoma mwandiko wangu. Mwambie Jatoria kwamba ile picha yake akiwa amezungusha mwili na tufe shingoni nimeiweka juu ya televisheni, na siwashi televisheni siku hizi ili nisiipashe moto.

Insha nimeisoma mara tatu. Unajua nilikaa ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi miaka ishirini na sita. Sisomi kitu mara tatu bila sababu.

Ni insha nzuri. Ile sehemu ya mashindano ya kusoma kwa sauti, mtoto wa miaka saba amevaa viatu vya kahawia vya shangazi yake vilivyojazwa gazeti, kiatu kimoja kinabaki nyuma anapopanda jukwaani, na shangazi anavua vyake anakwenda kusimama naye pekupeku mbele ya watu. Na jinsi walivyorudi, wakalikunjua lile gazeti la kiatuni kwenye meza ya jikoni wakalisoma mpaka matangazo ya vifo. Nimecheka. Nimelia pia, kama ulivyoagiza.

Lakini naomba kuuliza mambo mawili.

La kwanza. Insha inasema, "Shangazi alilia ndani ya gari nyuma ya shule, akaniambia nisimwambie mtu kwamba nimemwona." Ndani ya gari lile tulikuwa watu wawili, mwaka 1981. Nani amemsimulia Jatoria?

La pili. Ukurasa wa pili, mstari wa nne: "Mama hakuweza kuja kwa kuwa alikuwa zamu kiwanda cha kuku." Mama yake Jatoria anapika jikoni shuleni. Ni mama wa nani aliyekuwa kiwanda cha kuku?

Sina haraka. Nijibu.

Shangazi yako,
Orelia


Sabine Fork
18 Oktoba 2015

Shangazi mpendwa,

Barua yako imefika, ahsante, na pole kwa miguu. Iloweke kwenye maji ya chumvi, usiwasikilize hao wa hospitali peke yao.

Huku tumekuwa na wiki ya sherehe za shule, na nikuambie tu: ua nililomtengenezea Jatoria la kuvaa kifuani limetikisa mji. Unakumbuka yalivyokuwa madogo zamani? Siku hizi lazima tepe zifike magotini. Lake lilifika kwenye viatu. Nimelitundikia kengele kumi na mbili na tufe dogo la kijivu katikati. Akipita darasani mwalimu anaacha kufundisha. Dada Verna wa kwaya akaniambia mbele za watu, "Netta, mtoto hajasaini bado na wewe umeshachapisha fulana." Nikamwambia, "Wako akisaini hata risiti ya duka, na yeye nitamchapishia." Wamecheka mpaka mchungaji akageuka.

Jatoria ni mzima. Amekuwa mkimya kidogo. Nafikiri ni uchovu wa mazoezi. Juzi nilimsomea maneno yako ya picha na televisheni, akatabasamu, akauliza, "Amesema nini kingine?" Nikamwambia, anakusalimu.

Makaratasi yote ya kuomba kibali cha ile ofisi ya wanamichezo wa vyuo, inayokagua masomo yao kabla hawajapokelewa, tumeshatuma. Bi. Stallworth, mshauri wa wanafunzi, anasema ni kungoja tu.

Kuhusu yale uliyouliza, karatasi imeniishia.

Wako,
Renetta


Oakland
2 Novemba 2015

Renetta,

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi kumi safi.

O.


Sabine Fork
10 Januari 2016

Shangazi,

Naandika kwenye karatasi zako. Nisamehe kwa kimya. Krismasi ilipita, tukala, tukaimba. Nilioka pai za viazi vitamu kumi na moja na zote zilikwenda kwa watu, tukabaki kulamba kisu. Mwaka Mpya nikapika kunde na mboga za majani kama Mama alivyokuwa akipika. Jatoria hakuzigusa kunde. Lonnie akamtania, "Usipokula kunde leo mwaka mzima utakuwa na mkosi," na mtoto akaweka uma chini akatoka mezani. Lonnie akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia sufuria.

Barua imekuja kutoka ile ofisi ya wanamichezo. Wanasema wana maswali juu ya Kiingereza cha kiangazi. Kumbe kompyuta ile inaandika kila kitu: siku gani umeingia, saa ngapi umetoka. Wanataka Jatoria aeleze kwa mkono wake aliifanyaje kazi hiyo, aliandika nini, nani alimsaidia, kisha atie saini kwamba yote ni yake. Wamempa mpaka tarehe 22. Na Februari tatu ndiyo siku ya kusaini chuo. Kofia ya chuo nimeshanunua, iko juu ya kabati, naipangusa vumbi kila siku.

Shangazi, wewe unajua lugha ya watu hao. Umeishi na fomu zao. Ninakuomba uandike barua moja tu, kwa jina lako na cheo chako cha zamani, useme kwamba wewe ulimsimamia Jatoria kwa barua kiangazi kile, ukamsahihisha, na kwamba unaijua kazi yake. Si uongo mkubwa. Insha si ni juu yako? Hawatambishia mtu aliyekaa ofisi ya kumbukumbu miaka ishirini na sita.

Sijawahi kukuomba kitu tangu nilipokuwa msichana. Unajua hilo.

Renetta


Oakland
15 Januari 2016

Renetta mwanangu,

Nakujibu siku hiyo hiyo ili barua iwahi. Afya yangu si muhimu leo.

Sitaandika.

Nilijua tangu Septemba. Ulinitumia insha pamoja na habari ya siku nane na habari ya kambi ya siku kumi, zote kwenye karatasi moja, zote Juni. Ungekuwa mwongo hodari ungeyatenganisha. Wewe hukuweza. Ulikuwa unajisifu na ulitaka nijue. Nafikiri ulitaka sana nijue.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka uniambie mwenyewe. Hilo ni kosa langu. Ningesema Septemba, pengine mtoto angepata muda wa kwenda mwenyewe kwa hao watu na kueleza. Nilikuwa nakusubiri kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi akiri, na kumbe saa inakwenda ukutani kwa mtu mwingine.

Sasa nikuambie jambo la ofisi. Ile fomu inamtaka mtoto asaini, si wewe. Akisaini uongo, uongo utakuwa wake. Hautakuwa wako tena hata ukiutaka. Nimewaona wazazi wengi waliokuja kwenye dirisha langu wakitaka kurudishiwa kosa lao. Karatasi ikishakuwa na jina la mtoto, hairudi.

Kwenye insha yako kuna aya moja haipo. Hilo tutaliongea siku nyingine, na mimi ndiye nitakayeanza.

Nenda naye tarehe 22. Usimwache aingie peke yake.

Orelia


Sabine Fork
21 Februari 2016

Shangazi,

Lonnie anakusalimu. Baridi imepungua. Hayo ndiyo yote ya salamu niliyonayo, nisamehe.

Ni mimi. Nimeandika. Nilitaka uone nimeiandika hiyo sentensi kwa kalamu.

Jatoria alipokwenda kambini, ile kazi ilikuwa haijaanzwa. Ilitakiwa aimalize kabla shule haijafunguliwa, na makocha wote wa maana walikuwa kule kambini. Nikajisemea nitafungua tu nione ni nini. Nilikaa meza ya jikoni. Jiko la shule limefungwa kiangazi, Lonnie yuko porini na magogo, nyumba kimya. Siku ya kwanza nilisoma hadithi waliyoweka na nikajibu maswali kumi, nikapata tisa. Siku ya pili nikapata kumi kwa kumi. Shangazi, siku nane zile nilikuwa na furaha. Sijui nilisemeje ili lisisikike vibaya. Niliacha shule nina miaka kumi na sita, na nilikuwa sijui kama akili yangu bado ipo mahali pake. Nilikuwa naamka naoga, navaa vizuri, ndipo nakaa. Kama naenda shule. Ilipotokea tisini na nne kwenye kioo cha kompyuta nilipiga makofi, nikazunguka jikoni nikicheza. Nilisahau jina lililokuwa juu ya ile karatasi. Kweli nilisahau.

Alivyorudi nikamwambia, "Nimekusaidia kidogo kile Kiingereza."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo."

Akaangalia alama. Akasema, "Mama, mimi sijawahi kupata tisini na nne maisha yangu yote." Mimi nikaisikia kama shukrani.

Barua yako ilifika tarehe 20. Niliisoma nikaikunja nikaiweka ndani ya kofia. Ndiyo, ile kofia. Tarehe 22 nilikwenda naye, lakini usinisifu: nilikwenda nimekusudia kunyamaza. Nilivaa gauni la kanisani. Nilijua nitakaa pembeni kama mama wa mtu, na yeye atasaini, na tutatoka.

Bi. Stallworth alikuwa na haraka. "Ni kuandika na kusaini tu, mpenzi. Swali la tatu: eleza kwa kifupi insha yako ilihusu nini."

Jatoria alikuwa na kalamu mkononi. Mkono ule mkubwa, Shangazi, na kalamu ikaonekana kama njiti ya kiberiti. Akaandika jina. Akajibu la kwanza. Akajibu la pili. Aliandika nini sijui. Alipofika la tatu kalamu ikasimama. Bi. Stallworth akaangalia saa. Ndipo mtoto akanigeukia, hana hasira, hana chochote usoni, akauliza kama anavyouliza chumvi iko wapi:

"Mama, niliandika juu ya nani?"

Nikasema, "Bibi yako Orelia."

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. Umezoea kujibu, mdomo huu.

Bi. Stallworth akavua miwani. Nikasikia kengele ya mapumziko, nikasikia watoto wanakimbia kwenda kula chakula ambacho siku hiyo sikukipika mimi. Jatoria akalaza kalamu juu ya meza, taratibu, akaisukuma upande wangu. Nikaichukua. Nikaandika nyuma ya ile fomu yote niliyokuandikia hapa, isipokuwa ile ya kucheza jikoni. Ile nimekuambia wewe tu.

Alama tisini na nne zimefutwa. Somo la kumi halipo tena kabla ya mwaka wa nne, na mwaka wa nne ulishaanza, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Kocha wa Oklahoma alimpigia simu kocha wake, si sisi. Nafasi wamempa mwingine. Na ili Jatoria amalize shule mwezi wa Mei lazima akirudie kile Kiingereza, darasani, na watoto wa mwaka wa pili.

Siku ya kusaini ilikuwepo vilevile. Wavulana watatu wa mpira walikaa mezani na kofia zao ukumbini. Na nani alipika? Jiko la shule ndilo linalopika siku hiyo, kila mwaka. Nilikuwa pale na kijiko na aproni, nawagawia wazazi kuku. Mji mzima ulipita mbele yangu na sahani. Dada Verna alipofika nilijikaza nikangoja anitanie. Akanyoosha sahani, akasema, "Ahsante, Netta," akaenda. Angenitania ningepona.

Niliporudi nyumbani nikachukua nyundo nikaling'oa lile bango la uani, nikalilaza nyuma ya banda. Jatoria akatoka mlangoni na soksi. "Unafanya nini?"

"Nalitoa. Watu wanaliona."

"Lirudishe, Mama."

"Mwanangu..."

"Tufe nilirusha mwenyewe."

Akalichukua kwa mkono mmoja, mimi nilikuwa nimeliburuta kwa miwili, akaenda akalisimika tena. Mimi nikabaki nimeshika misumari.

Hanisemeshi vibaya. Ananisemesha kama mtu wa heshima, "ndiyo, Mama", "hapana, Mama". Afadhali angenipigia kelele. Ile kazi ya kumtafutia chakula bora, fulana, maua, makocha, nilikuwa naiita upendo, na ulikuwa upendo, lakini sasa kila nikiushika nakuta umechafuka.

Usinijibu kama huna la kusema.

Renetta


Oakland
13 Machi 2016

Renetta mwanangu,

Miguu imepungua. Maji ya chumvi yamesaidia, sitawaambia hao wa hospitali.

Nakurudishia insha. Utaona nimelikata jina lililo juu kwa kalamu nyekundu na kuandika la kwako. Nimeisahihisha kama ninavyojua. Nimeipa themanini na nane. Walikupa sita za bure, kwa sababu kuna aya haipo, na mashine yao haikuweza kuiona.

Niliahidi kuanza mimi.

Insha inaishia mwaka 1984, shangazi anapanda basi kwenda California, na mtoto anamwahidi ataendelea kusoma. Halafu inaruka. Mtoto anakuwa mtu mzima mwenye shukrani. Mwaka 1990 haumo. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mama yako alianguka kiwandani, upande mmoja wa mwili ukafa, na wewe ukaniandikia kuniuliza kama baada ya kumzika, au hata kabla, unaweza kuja kwangu Oakland umalize shule. Umemwachia mwalimu wa mashine picha nzuri yangu. Umenisitiri.

Barua yako ile ya Machi 1990 ninayo. Iko kwenye boksi la cheti changu cha ndoa. Sikuijibu. Nilikuwa nimeolewa upya na mwanaume ambaye hakupenda watoto wa watu, na niliona aibu kukuandikia hivyo, basi nikaacha wiki ipite, kisha mwezi, kisha ikawa imechelewa mno kujibu bila kueleza kwa nini nimechelewa. Nilipokuandikia tena ulikuwa umeshaacha shule, na nikauliza habari za hali ya hewa.

Nami ndiye niliyekutumia karatasi kumi safi kwa sababu umeshindwa kunijibu barua moja.

Jibu lako, limechelewa miaka ishirini na sita: chumba kilikuwepo.

Orelia


Sabine Fork
29 Mei 2016

Shangazi Orelia mpendwa,

Nakusalimu tena. Lonnie mzima, ameniambia niandike kwamba mdomo wake nao mzima. Mvua imenyesha mpaka mto umeingia barabarani. Jikoni tumefunga hadi Agosti.

Barua yako nimekaa nayo zaidi ya miezi miwili. Kuhusu kile chumba, nimesoma. Nimeisoma zaidi ya mara tatu. Siwezi kuandika chochote juu yake leo, lakini sijasema karatasi imeisha. Zimebaki nne.

Themanini na nane nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe, upande ambao wageni hawaoni. Wewe ni mwalimu mgumu.

Jatoria amemaliza shule jana. Alivaa joho, akapita, akapewa mkono. Sikupiga vigelegele. Lonnie alinitazama mara mbili kuona kama naumwa. Mwezi wa nane anakwenda chuo cha miaka miwili kule Kansas, mji mdogo, upepo mtupu kwa anavyosema. Huko sheria zao ni nyingine, atarusha. Alikiandikia mwenyewe hicho chuo. Barua aliifunga kabla sijaiona, na mimi sikuuliza.

Kile Kiingereza amekirudia muhula mzima. Alikaa kiti cha nyuma na watoto wa miaka kumi na tano, magoti yake hayaingii chini ya meza. Vijana walimtania wiki ya kwanza: "Bibi amerudi shule!" Akawajibu, "Bibi anaweza kukurusha futi arobaini na tano, kaa chini." Wakampenda. Kila siku nilikuwa namwona anapita na sinia kwenye foleni yangu, na daftari kwapani, na mimi naweka mkate wa mahindi kwenye sahani yake kama wa mtoto mwingine yeyote, kipande kimoja.

Mwisho wa muhula walipewa kuandika insha. Mada ni ile ile, mtu aliyekulea kiakili. Aliandika kule maktaba, si nyumbani. Wiki iliyopita aliileta imesahihishwa, akaiweka mezani imefunikwa kichwa chini, akaenda kufungua friji.

Nikamuuliza, "Umepata ngapi?"

"Sabini na nane."

"Umeandika juu ya nani?"

"Juu yako, Mama."

Mikono yangu ilikuwa na unga. Niliipangusa kwenye aproni, polepole, kila kidole. "Umeandika nini?"

Akafunga friji. Akasema, "Ilivyokuwa."

Akaniachia insha pale pale mezani, akatoka uani kwenda kufanya mazoezi. Nilikaa mbele ya karatasi zile mpaka unga uliobaki ukaniganda mikononi. Ilikuwa karatasi tatu. Mwandiko wake ni mzito, unatokeza upande wa pili, ningeweza hata kuusoma kwa vidole. Sikuigeuza. Aliporudi aliikuta kama alivyoiacha. Akaichukua, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu Januari alivuta kiti akakaa jikoni kwangu mpaka mkate ukaiva.

Sabini na nane, Shangazi. Mji huu wote, hakuna mtu hata mmoja niliyemwambia.

Mwanao,
Renetta